Kigingi Hakuomba Radhi

Kengele ya kambi ilipolia asubuhi, Kigingi alikuwa ameshakunja blanketi lake, ameshafagia mlango wa hema, na sasa kazi iliyobaki ilikuwa ngumu kuliko zote: kumwamsha Sisimizi. Sisimizi alikuwa mdogo kuliko wasichana wote pale, na usingizi wake ulikuwa na sifa kambi nzima. Ungeweza kumbeba na godoro lake ukamzungusha ufuko wote, naye angekuja kuamka wakati wa chai akiuliza kama kengele imeshalia.

"Wewe, tutakosa uji," Kigingi alisema huku akimvuta mguu.

"Nakuja."

"Unakujaje na macho umefumba?"

"Macho yanakuja nyuma," Sisimizi alijibu, akajifunika tena.

Kambi ile ilikuwa ya Kanisa la Mennonite, kando ya ziwa. Palikuwa na kanisa dogo la matofali, jiko refu lililojaa moshi, mahema ya turubai chini ya miti, na gati la mbao lililoingia majini. Kila likizo watoto walikuja kutoka shule mbalimbali na makanisa mbalimbali, na juma hili lilikuwa zamu ya wasichana. Desturi ya pale ilikuwa kwamba ukifika unaliacha jina lako la shuleni langoni, unapewa jina la kambi. Kigingi alipata lake siku ya kwanza. Aliambiwa kwamba kigingi cha hema lake hakitaingia kwenye ardhi ile ya mawe, achague mahali pengine. Hakuchagua. Alikigonga kwa nyundo mpaka kikaingia, na mikono yake ikatoka malengelenge. Hakulalamika hata kidogo, akaomba kingine.

Basi mkimjua hivyo, msije mkashangaa na yatakayofuata.

Kuogelea pale kulikuwa na utaratibu wake. Pembeni ya lango la gati palisimama ubao mkubwa, nusu mweupe, nusu mwekundu. Kila msichana alikuwa na kibao chake kidogo, amekichora alama yake mwenyewe. Kibao kikiwa upande mweupe, maana yake mwenyewe yuko nchi kavu. Unapoingia majini unakihamishia upande mwekundu, na unapotoka unakirudisha. Zaidi ya hayo, kila mtu alikuwa na mwenzake wa maji, na mwenzako akitoka, nawe unatoka. Mgonjwa yeyote kibao chake kilichukuliwa na muuguzi, kikakaa kwenye mfuko wa aproni yake mpaka apone.

Aliyesimamia mambo hayo alikuwa mlinzi wa maji, dada mwenye mabega mapana ambaye wasichana walimwita Dada Filimbi. "Ubao huu haujui kusema uongo," aliwaambia siku ya kwanza. "Mnaojua ni nyinyi. Tafadhalini msiufundishe."

Mchana ule jua lilikuwa kali, na wasichana walijazana majini wakipiga kelele. Mwenzake Kigingi alikuwa Sisimizi. Hawakukaa sana kabla Sisimizi hajashika tumbo na kukunja uso.

"Tumbo linanikata, dada. Nataka nikalale kidogo."

"Twende basi."

"Nirudishie kibao changu, mimi siwezi kungoja foleni."

Kigingi akatoka naye, kama sheria ilivyotaka, ingawa roho ilimuuma kuyaacha maji. Sisimizi akaelekea hemani akijikokota. Kigingi akaenda ubaoni, akachukua kibao chake na kibao cha Sisimizi, akavitundika vyote viwili upande mweupe. Cha mwenzake alikigeuza vizuri, maana kilining'inia kichwa chini. Kisha akajifunga kitambaa, akaenda jikoni kumenya viazi, kwa kuwa siku ile zamu ilikuwa yake.

Alikuwa katikati ya ndoo ya viazi aliposikia filimbi. Haikuwa filimbi ya kutoka majini, ile fupi. Hii ililia mfululizo bila kupumzika, na mpishi mwenyewe akaacha mwiko sufuriani, akakimbia. Kigingi akakimbia nyuma yake.

Wasichana wote walikuwa wametoka, wamesimama ufukoni wakitetemeka. Kwenye ubao, upande mwekundu, kilibaki kibao kimoja kilichochorwa sisimizi.

Dada Filimbi alikuwa ameshazama chini ya gati. Aliibuka, akavuta pumzi, akazama tena. Mpishi, muuguzi, na Mama Mkurugenzi mwenyewe na gauni lake refu waliingia majini, wakashikana mikono wakawa mstari mmoja. Walitembea polepole kwenye maji ya kifuani, wakipapasa chini kwa miguu. Hakuna aliyehitaji kuelezwa walichokuwa wanakitafuta kwa miguu. Wasichana wengine walianza kulia, na wengine wakapiga magoti mchangani wakaomba.

Kigingi aliwatazama kwanza akiwa haelewi. Alipokiona kile kibao, alielewa, akageuka, akakimbilia mahemani bila kumuaga mtu. Njiani, nyuma kabisa ya kundi la waliokuwa wakiomba, alimkuta msichana mdogo aliyejifunga shuka, nywele zimesimama, amefumba macho na kukunja mikono.

"Unafanya nini hapa?" Kigingi alimuuliza.

"Naomba," Sisimizi alinong'ona. "Kuna mtu amezama. Sijui ni nani, maskini."

Wale waliocheka baadaye walicheka, lakini pale pale hakuna aliyecheka. Mama Mkurugenzi alitoka majini akimwaga maji kwenye mikono ya gauni, akamkumbatia Sisimizi, akakaa naye mchangani muda mrefu. Dada Filimbi alikaa peke yake kwenye ngazi ya gati, akiutazama ubao.

Kisha swali likaja, kama lilivyokuwa lazima lije. Nani alikiacha kibao upande mwekundu?

"Mimi nilimpa Kigingi anirudishie," Sisimizi alisema. Alisema kweli, na hakujua amewasha moto gani.

Macho yote yakamgeukia Kigingi.

"Nilikirudisha," Kigingi alisema. "Nilirudisha vyote viwili."

"Chako kipo upande mweupe," mmoja akasema. "Umerudisha chako, cha mwenzako ukakisahau. Si jambo la kukataa hilo."

"Sikusahau."

Msichana mrefu akajitokeza mbele. Huyo alikuwa Nahodha, aliyechaguliwa kuongoza mitumbwi katika safari ya kisiwani siku ya pili yake. Tangu juzi alikuwa hachezi majini, kwa sababu alikanyaga gamba la konokono likamkata wayo. Muuguzi alimfunga bandeji, akamnyang'anya kibao, akamwambia kidonda kikigusa maji kabla hajakiruhusu, safari ya kisiwani aisahau. Mguu ulikuwa na kidonda, lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

"Wewe unajua tulivyoteseka?" Nahodha alisema. "Mimi hata majini sikuingia, haki ya Mungu tena, lakini roho ilitaka kunitoka. Kama hukufanya wewe, haya, apa mbele ya watu."

"Siapi."

"Mnamwona? Anaogopa kuapa."

"Siogopi. Kwetu hatuapi."

Ilikuwa kweli. Kigingi alilelewa na bibi yake, Mmennonite wa tangu utoto, na katika kanisa lao watu hawaapi, iwe barabarani, iwe mahakamani. Wanafundishwa kwamba mtu mwenye maneno ya kweli hana haja ya kuyafunga kamba ya kiapo. Siku moja Bibi aliitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mpaka wa shamba, akaambiwa ainue mkono aape. Akasema yeye atathibitisha tu, bila kiapo, kwamba atasema kweli. Karani akamkazia macho, Bibi naye akamkazia macho, mpaka hakimu akachoka na kusema mama huyu aachwe aseme anavyojua. Kigingi alikuwepo, ameshika ncha ya kitenge cha Bibi, na jambo lile lilimwingia kuliko mahubiri yoyote.

Lakini wasichana waliotoka makanisa mengine hawakulijua hilo, na waliolijua walikuwa na hasira. Asiyetaka kuapa ana lake, walisema. Hata Sisimizi akamvuta kitambaa pembeni, akamwambia taratibu, "Labda ulisahau, dada. Mimi sitakasirika." Maneno hayo yalimchoma kuliko yote ya Nahodha.

Mama Mkurugenzi alimwita ofisini, chumba kidogo kilichojaa majaketi ya kuelea na harufu ya rangi. Alikuwa amebadili gauni, lakini nywele zake bado zilikuwa zinachuruzika. Alikuwa mama mpole, na upole wake ulijulikana mbali. Hakupenda kuona watu wamenuniana hata kwa muda wa mlo mmoja.

"Mwanangu, hakuna anayekuchukia," alisema. "Mtu yeyote anaweza kusahau. Jioni hii kabla ya chakula tutakaa kwenye duara, kama desturi yetu. Utamwosha Nahodha miguu, yeye akipokea kwa niaba ya wenzako wote, utasema samahani, yaishe. Kesho twende kisiwani kwa amani."

"Yataishaje, Mama, na hayajajulikana?"

"Yanajulikana ya kutosha."

"Mimi sijafanya."

Mama Mkurugenzi akashusha pumzi. "Wakati mwingine tunameza kidogo kwa ajili ya amani. Neno moja tu. Nikishindwa kuwapatanisha, itabidi niifute safari, na wenzako watasema ni wewe."

"Waseme," Kigingi alijibu. "Shikamoo, Mama." Akatoka. Salamu ile haikuwa mahali pake, lakini alitaka ijulikane kwamba adabu anayo, na kukubali hakubali.

Alilia, ndiyo. Alikwenda nyuma ya jiko, akakaa kwenye gunia la mkaa, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Msidhani wakaidi hawalii. Lakini alipomaliza alinawa uso, akajitazama kwenye maji ya ndoo, na hakuona mtu aliyesahau kibao. Alimwona mtu aliyekirudisha. Akavaa viatu, akaenda kwenye duara.

Jua lilikuwa linazama, na mabenchi yalikuwa yamepangwa mbele ya kanisa dogo. Katikati paliwekwa beseni, jagi la maji ya uvuguvugu na taulo. Kwa Wamennonite wengi, kuoshana miguu ni ibada ya unyenyekevu. Mkubwa humwoshea mdogo, jirani humwoshea jirani. Nahodha alikuwa ameketishwa kwenye kiti, na alionekana hana raha.

"Nitatoa mguu mmoja tu," alisema. "Huu mwingine una kidonda." Alikuwa ameuvalisha soksi nzito ya sufu, ingawa hewa ilikuwa bado na joto.

"Mmoja unatosha," Mama Mkurugenzi alisema. "Kigingi, karibu, mwanangu. Sema lililo moyoni."

Kigingi akasimama katikati ya duara.

"Miguu yake nitamwosha," alisema. "Kumwosha mtu miguu ni heshima, sina ugomvi nayo. Lakini samahani sitasema, kwa sababu sijakosa."

Minong'ono ikazunguka mabenchi. Mtu nyuma akasema, "Jeuri huyo."

"Niiteni jeuri, sawa. Lakini nisikilizeni. Nilikirudisha kile kibao, na baada ya mimi mtu mwingine akakigusa. Simjui. Mimi nikikubali, nyote mtafurahi, mtaacha kutafuta. Kesho ubao utasema uongo tena. Utasema kuna mtu majini na hayupo, au utasema hayupo, na yeye yuko chini. Siku hiyo mtanifuata mimi kuniuliza? Sitakubali. Nifukuzeni kambini kama mnataka, nitakwenda kwa Bibi, lakini sitakubali."

Dada Filimbi, aliyekuwa ameegemea ukuta, akanyanyuka akasimama wima.

Kigingi akapiga magoti. Alimimina maji taratibu kwenye mguu wa Nahodha, akauosha kisigino na vidole, bila haraka na bila hasira, kama alivyomwona Bibi akifanya. Alipomaliza akauweka mguu kwenye taulo. Ili kulivuta beseni, aliushika ule mwingine wenye soksi ausogeze. Soksi ilikuwa imelowa. Haikuwa na tone moja la maji ya jagi, maana maji aliyamimina upande wa pili wa beseni. Kwenye ukingo wake, karibu na kifundo, pamenasa uzi mrefu wa jani la kijani la ziwani.

Kigingi akainua macho. Nahodha alikuwa anamtazama, amekauka.

"Soksi yako imelowa," Kigingi alisema kwa sauti ndogo ambayo wawili hao tu waliisikia.

"Umenimwagia."

"Sijakumwagia. Sema mwenyewe. Nitamaliza kukunja taulo, na usiposema, nitasema mimi."

Akaanza kukunja taulo. Alikunja mara ya kwanza, akalainisha kingo. Alikunja mara ya pili. Wasichana kwenye mabenchi walishangaa kwa nini taulo moja inakunjwa kwa uangalifu namna ile.

"Haki ya Mungu, mimi..." Nahodha alianza.

"Usiape," Kigingi alisema. "Sema tu."

Nahodha akafunika uso kwa mikono, na maneno yakatoka kati ya vidole. Joto lilimzidi, wenzake walikuwa wanacheza, na yeye ameketi kivulini na kidonda. Kibao chake kilikuwa kwa muuguzi, na bila kibao hapiti langoni. Akakiona cha Sisimizi kimetundikwa upande mweupe, mwenyewe hayupo. Akakihamishia upande mwekundu, akapita katikati ya kundi. Wakati wa kutoka, Dada Filimbi alikuwa langoni akimtazama kila mmoja, na Nahodha akajua anavyochechemea atagundulika mara moja na safari ataikosa. Basi akazunguka, akatokea kwenye matete, akakimbilia hemani kubadilisha nguo na kuvaa soksi juu ya bandeji iliyolowa. Aliporudi ufukoni filimbi ilikuwa inalia, na watu wazima wanapapasa chini ya maji kwa miguu.

"Nilitaka kusema," alilia. "Lakini kila mtu alikuwa ameshasema ni Kigingi."

Muuguzi alikuja na taa, akamvua soksi. Bandeji ilikuwa imejaa tope, na kidonda kimevimba, kingo zake nyeupe. "Maji ya ziwa kwenye kidonda kibichi," muuguzi alisema akitikisa kichwa. "Ningekuja kujua usaha umeshapanda mguuni. Ukaficha na soksi ya sufu juu yake. Twende nikusafishe, na habari za kisiwani utazisikia kwetu tukirudi."

Dada Filimbi naye hakujificha. Alisogea mbele, akasema kwamba wakati wa kuingia aliangalia vibao, hakuangalia nyuso, na kwamba kuanzia kesho kila kibao kitapita mkononi mwake na mwenyewe amesimama mbele yake.

Sisimizi alikuwa ameshamng'ang'ania Kigingi kiunoni, anamlowesha blauzi kwa machozi. Wasichana wengine walitazama chini. Mama Mkurugenzi akamsogelea Kigingi, akamshika bega, akainama sikioni kwake.

"Twende ofisini, mwanangu. Nina neno la kukuambia."

Kigingi hakusogea. "Mama, naomba uniambie hapa hapa," alisema. "Ulinitaka niombe radhi mbele ya watu hawa. Na wewe niambie mbele ya watu hawa."

Mabenchini watu walishika vinywa. Hakuna mtoto aliyewahi kumjibu hivyo Mama Mkurugenzi, na hata mpishi aligeuka akajifanya anatazama jiko. Mama Mkurugenzi akajibana gauni magotini, akapiga magoti kwenye mchanga, akavuta beseni, akafungua kamba ya kiatu cha Kigingi.

"Nisikilizeni nyote," alisema huku akimmiminia maji. "Leo nimekosa. Niliogopa ugomvi kuliko nilivyoogopa uongo. Nilimwambia mtoto huyu aseme kosa lisilo lake ili tule chakula kwa utulivu, na hilo nikaliita amani. Amani haijengwi kwa kumtwisha mtu uongo, hata uwe mdogo namna gani, hata aombwe kwa upole namna gani. Ukiwa umekosa, kama mwenzenu alivyokosa, sema mapema, hata kama utapoteza safari. Na ukiwa hujakosa, usikubali, hata ukiombwa na mkubwa. Hata ukiombwa na mimi. Kigingi, nisamehe."

Mama Mkurugenzi akaukausha mguu kwa taulo, akaanza kujiinua.

"Nimekusamehe, Mama," Kigingi alisema, na kwa heshima zote akavua kiatu cha pili, akaunyoosha ule mguu mwingine wenye vumbi. "Na huu pia."

Sisimizi ndiye aliyecheka kwanza. Kisha duara zima likacheka, na Mama Mkurugenzi mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno. Kigingi hakucheka, wala hakuuondoa mguu wake. Basi Mama akapiga magoti tena.